Mwongozo wa kozi ya saikolojia umenielemea: niache au niendelee?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni na ninasoma kozi ya utangulizi wa saikolojia. Niliichagua kwa hamu kubwa, kwa sababu tangu baba yangu afariki dunia nimekuwa nikitamani kuelewa kinachotokea ndani ya mtu anapompoteza mpendwa wake, na niliamini kwamba hili ndilo somo litakalonipa majibu. Sasa tumefika katikati ya muhula na nimechoka kiasi cha kufikiria kuiacha.

Siku ya kwanza mhadhiri alitugawia mwongozo wa kozi na akausoma mbele yetu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mahudhurio, adhabu ya kuchelewesha kazi, simu darasani, matumizi ya akili mnemba, ushiriki katika tafiti, mambo yasiyoruhusiwa kusemwa kwenye semina; kila ukurasa ulikuwa na sharti. Nilisikiliza nusu nusu, nikautia kwenye begi. Tangu siku hiyo, karibu kila ninachofanya kinagongana na sharti mojawapo.

Kwanza ni jaribio. Nilisoma sura zote mara kadhaa, nikapiga mistari ya rangi karibu kila aya, na usiku wa kuamkia jaribio sikulala. Nilipata alama 4 kati ya 10. Maswali hayakuuliza fasili nilizokariri, bali yalieleza visa ambavyo havimo kitabuni na kututaka tuseme ni dhana gani inayohusika.

Pili ni ripoti. Niliugua homa wiki ile ile ambayo ilipaswa kukusanywa, nikaiwasilisha siku 2 baada ya tarehe ya mwisho. Ilipewa alama 12 kati ya 15, kisha zikakatwa 3 kwa sababu ya kuchelewa. Wiki iliyofuata nilimwendea mhadhiri nikiwa na cheti cha daktari, naye akanionyesha kwenye mwongozo kwamba taarifa ya ugonjwa hutolewa ndani ya saa 48.

Tatu, alama 5 za kozi zinatokana na kushiriki katika tafiti za idara. Sikuja chuoni kuwa mnyama wa majaribio. Nilipomwambia msaidizi wa semina kwamba sitaki, alinijibu kwamba asiyeshiriki atazikosa alama hizo, basi.

La nne ndilo lililoniumiza zaidi. Tulitakiwa kuandika insha ya kueleza tukio la maisha kwa kutumia nadharia moja ya kumbukumbu. Niliandika kuhusu siku tulipopata habari za kifo cha baba: simu ilivyoita, mahali alipokuwa amesimama mama, rangi ya nguo aliyovaa. Mambo hayo sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Insha ilirudi na alama 5 kati ya 10, na chini yake mhadhiri ameandika: "Pole sana kwa msiba. Kwa yaliyokupata, tafadhali waone wataalamu wa ofisi ya ushauri nasaha. Kwa upande wa insha, nadharia haijaelezwa." Mtu anayefundisha saikolojia anawezaje kuusoma msiba wa mtu na kumpa alama 5?

Kilichobaki ni jaribio la pili lenye alama 10, semina 10, tafiti 5 na mtihani wa mwisho 40. Ninahitaji jumla ya 60 ili niruhusiwe kuendelea na saikolojia mwaka wa pili. Wenzangu wananiambia nisijisumbue, niandikiwe kazi na akili mnemba kama wao. Nishauri, mwalimu. Niiache kozi hii?

Wako,
Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kumpoteza baba.

Nitaanza na insha ingawa wewe umeiweka mwisho, kwa sababu naona ndiyo iliyokufanya uandike barua hii. Nimefundisha kozi ya aina hii kwa miaka mingi, na ninakwambia bila kusita kwamba maneno yale hayakuandikwa na mtu asiye na moyo. Mhadhiri wako alipokea karatasi moja iliyobeba mambo mawili, huzuni yako na kazi ya darasani, na kila jambo akalipa jibu lake. Angeweza kuinyamazia huzuni akasahihisha insha tu, na hapo ungekuwa na haki ya kumlalamikia. Angeweza pia kukupa alama 9 kwa huruma, ukaondoka ukiamini kwamba umeielewa nadharia ambayo hukuigusa.

Mtu anayekupa alama hawezi wakati huohuo kuwa mnasihi wako. Kanuni za maadili za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambazo hurejelewa hata nje ya nchi hiyo, zinamtaka mwanasaikolojia ajiepushe na kuwa na mahusiano ya namna mbili na mtu mmoja pale ambapo uhusiano mmoja unaweza kupotosha uamuzi wake katika ule mwingine. Jiulize ingekuwaje kama angekuita ofisini kila wiki ukamweleza usiku unavyokupita bila usingizi, kisha mwisho wa muhula akalazimika kuamua kama umefaulu au umefeli. Wewe ungeanza kuchuja maneno yako mbele yake, naye angeanza kuzichuja alama zako. Ndiyo sababu alikuelekeza kwa watu ambao kazi yao ni kukusikiliza na ambao hawana daftari la alama mezani.

Kanuni hizohizo zina kifungu kingine kinachokuhusu moja kwa moja. Mwalimu wa saikolojia haruhusiwi kumlazimisha mwanafunzi afichue, darasani au kwenye maandishi, habari zake binafsi kama vile kudhulumiwa, kutibiwa matatizo ya akili au uhusiano wake na wazazi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Kwa hiyo katika insha ile ulikuwa huru kuandika kuhusu siku uliyopotelewa na funguo, na alama zisingepungua hata moja. Ninalisema hili ili ujue kwamba ukubwa wa jeraha haukuwa kipimo, wala usingeweza kuwa kipimo bila kuwadhulumu wanafunzi ambao hawana msiba wa kusimulia, au wanao na hawataki kuusimulia.

Acha nikuonyeshe kilichokosekana, maana naamini ulikuwa karibu sana kukifikia. Mwaka 1977 Roger Brown na James Kulik walichapisha makala kuhusu kumbukumbu za aina hasa uliyoieleza: mtu anapopata habari nzito kwa ghafla, huhifadhi pamoja na habari hiyo mahali alipokuwa, aliyemletea habari, alichokuwa akifanya, na hata vitu vidogo visivyo na maana yoyote kama rangi ya nguo ya mtu. Baadaye Ulric Neisser na Nicole Harsch waliipima dhana hiyo. Asubuhi iliyofuata ajali ya chombo cha anga cha Challenger mwaka 1986, waliwaomba wanafunzi waandike jinsi walivyoipata habari ile, kisha wakawauliza tena baada ya zaidi ya miaka 2. Kati ya wanafunzi 44 waliojibu tena, 11 walikosea mambo yote makuu waliyoulizwa, na wengi walikuwa na uhakika mkubwa na kumbukumbu zao ambazo hazikufanana na walichokiandika wenyewe. Hiyo ndiyo nadharia, na hilo ndilo swali ambalo insha yako ingeliuliza: kwa nini kumbukumbu ya aina hii huonekana angavu kuliko nyingine, na je, uangavu huo ni dalili ya usahihi? Si lazima uichokonoe siku ile ya baba ili kulijibu. Kama hutaki kuigusa tena kwa jicho la namna hiyo, usiiguse, na wala hakuna sharti linalokudai uiguse.

Sharti la semina linatoka kwenye chimbuko hilohilo. Mwongozo wa kozi hizi kwa kawaida hukataza kumtaja mtu anayejulikana na kumbandika jina la ugonjwa wa akili, na hutaka yanayosemwa na wenzako yasitoke nje ya chumba. Mwanafunzi aliyesoma sura moja kuhusu magonjwa ya akili huanza kuyaona kwa kila mtu, kuanzia kwake mwenyewe na kumalizia kwa mwenzake wa chumbani. Jina la ugonjwa likishamshika mtu haliondoki kirahisi.

Sasa jaribio. Hapa nataka ukae nami kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo somo lenyewe lina la kukwambia kuhusu namna ya kulisoma.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilikisoma kifungu kisha likakirudia kukisoma. Kundi la pili lilikisoma mara moja, kisha likafunika na kuandika yote liliyoyakumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio walioongoza, kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, na waliojijaribu wakakumbuka asilimia 56. Ukiyatazama matokeo hayo utaona ni kwa nini ulitoka kwenye meza yako usiku ule ukiwa na hakika kwamba umeiva. Kurudia kusoma humfanya mtu ayazoee maneno, na mazoea hayo huhisiwa kama ujuzi. Mapitio ya mbinu 10 za kujisomea yaliyofanywa na John Dunlosky na wenzake mwaka 2013 yalizipa daraja la juu mbinu 2 tu: kujijaribu, na kuyatawanya masomo katika siku nyingi badala ya kuyabeba kwa mkupuo mmoja. Kupiga mistari ya rangi na kurudia kusoma viliwekwa daraja la chini.

Utaona basi kwamba mwongozo wenye majaribio kabla ya mtihani wa mwisho haukutungwa ili kukusumbua. Kila jaribio ni nafasi ya kuvuta kitu kutoka kichwani, na kule kuvuta ndiko kunakokiimarisha.

Kuhusu maswali ya visa, nikupe mfano wa aina ambayo nina hakika uliikuta. Dereva anawasha gari, kengele ya mkanda inaanza kulia, anafunga mkanda na kengele inanyamaza. Tangu siku hiyo anafunga mkanda mapema. Ni dhana gani? Wanafunzi wengi hujibu kwamba ni adhabu, kwa sababu kengele inaudhi. Jibu ni uimarishaji hasi. Tabia ya kufunga mkanda imeongezeka, kwa hiyo ni uimarishaji. Na imeongezeka kwa sababu kitu fulani kimeondolewa, kwa hiyo ni hasi. Ingekuwa adhabu kama tabia ingepungua. Mtu anaweza kuikariri fasili ya uimarishaji hasi neno kwa neno na bado akakosea swali hili, na mhadhiri anajua hivyo, ndiyo maana haulizi fasili. Kuanzia leo, kila dhana unayokutana nayo itungie visa viwili: kimoja ambacho kinaihusu, na kingine kinachofanana nayo lakini si chenyewe. Funga kitabu unapovitunga. Siku mbili tatu baadaye jiulize tena, kisha tena wiki inayofuata, na usiku wa kuamkia jaribio ulale.

Nije kwenye tafiti. Neno lako la "mnyama wa majaribio" lilinigusa, kwa sababu taaluma hii ina historia inayokupa sababu ya kuuliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Yale, Stanley Milgram aliwaalika watu kwenye kile alichokiita utafiti wa kumbukumbu na ujifunzaji. Waliambiwa wampige mtu mwingine shoti ya umeme kila anapokosea, huku nguvu ya umeme ikipandishwa hatua kwa hatua. Hapakuwa na umeme wowote, lakini wao hawakujua. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 1963, wanaume 26 kati ya 40 walifika hadi volti 450, wengi wao wakitoka jasho na kutetemeka. Mwaka uliofuata Diana Baumrind aliandika kupinga namna watu wale walivyotendewa. Nje ya saikolojia, huko Tuskegee nchini Marekani, wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kupatikana. Kutokana na kashfa hiyo Marekani ilitunga sheria ya utafiti mwaka 1974, na mwaka 1979 ikatolewa Ripoti ya Belmont yenye misingi 3 inayoongoza tafiti mpaka leo: kumheshimu mtu, kumtakia mema, na kutenda haki katika kugawa mzigo na faida ya utafiti.

Misingi hiyo inakulinda wewe. Kabla ya kushiriki unapaswa kuelezwa utafanya nini na kuna madhara gani yanayoweza kutokea, kisha uridhie kwa hiari. Unaweza kujitoa katikati bila kutoa sababu. Ukimaliza, unapaswa kuelezwa utafiti ulihusu nini, hasa kama kuna jambo lililofichwa. Na hapa ndipo ninapokuwa upande wako bila kupepesa macho: kanuni za maadili nilizozitaja zinasema kwamba pale ushiriki unapokuwa sharti la kozi, mwanafunzi apewe kazi mbadala yenye uzito unaolingana. Kwa kawaida huwa ni kusoma makala ya utafiti na kuiandikia muhtasari. Kwa hiyo ama msaidizi wa semina hakuusoma mwongozo vizuri, ama mwongozo wenyewe una kasoro inayopaswa kurekebishwa. Ufungue, utafute kifungu hicho. Ukikikuta, mwonyeshe kwa adabu. Usipokikuta, muulize mhadhiri kwa maandishi, tena bila hofu, kwa kuwa hilo si ombi la upendeleo.

Baada ya kujua haki zako, ningependa ufikirie kushiriki. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walionyesha jinsi saikolojia ilivyojengwa kwa sehemu kubwa juu ya watu wa jamii za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo vyake, kisha matokeo yakasemwa kana kwamba ni ya binadamu wote; ukishiriki wewe, unasaidia kuliziba pengo hilo. Tena, mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha mshiriki, akasoma fomu ya ridhaa na kujiuliza kama aitie saini, huielewa sura ya mbinu za utafiti kwa namna ambayo kitabu hakiwezi kumpa. Lakini uamuzi ni wako.

Ripoti iliyochelewa ni jambo gumu zaidi, na sitakuficha ninavyoliona. Ugonjwa wako ulikuwa wa kweli na una cheti. Sharti la saa 48 nalo lilikuwa limeandikwa na kusomwa mbele yako. Sharti hilo halidai upone ndani ya saa 48, wala halidai cheti kiwe tayari. Linadai taarifa, ambayo huwa ni ujumbe wa mistari miwili. Kama homa ilikuwa imekulaza kiasi kwamba hukuweza hata kushika simu, mweleze hivyo, na mwongozo wenye haki unapaswa kuwa na nafasi kwa mtu wa hali hiyo. Kama uliweza kuandika lakini uliona haya, au ulidhani utamaliza kesho, basi alama 3 zimekwenda kwa haki, kwa sababu kuna mwenzako aliyekuwa na shida yake pia na akatoa taarifa kwa wakati.

Hilo la kudhani kwamba utamaliza kesho linampata karibu kila mtu. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu watamaliza lini. Kwa wastani walikadiria takriban siku 34; iliwachukua zaidi ya siku 55. Ni heri basi ujiwekee tarehe yako ya mwisho siku kadhaa kabla ya ile ya mhadhiri, na kama kuna maradhi, msiba au safari isiyoepukika, useme kabla ya tarehe kufika. Mhadhiri anayeombwa muda kabla ya siku ya mwisho ana mengi anayoweza kukufanyia. Akiombwa baada ya hapo, mara nyingi mikono yake imefungwa, hata kama moyo wake unataka.

Simu na kompyuta darasani nitazigusa kwa ufupi. Utafiti wa Faria Sana na wenzake wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mwanafunzi anayefanya mambo mengine kwenye kompyuta wakati wa mhadhara hupungukiwa na uelewa, na anayeketi mahali anapoweza kuiona skrini yake hupungukiwa pia. Sharti hilo linamlinda jirani yako.

Kuhusu akili mnemba, fuata mwongozo wako neno kwa neno, kwa kuwa vyuo na hata wahadhiri wa chuo kimoja hutofautiana: wengine wanairuhusu ukitaja ulivyoitumia, wengine wanaikataza kabisa. Iwe imeruhusiwa au la, usikubali ikuandikie kazi. Programu hizi huweza kutunga makala ya utafiti ambayo haipo, zikaipa mwandishi, mwaka na kurasa, na mhadhiri wa saikolojia anayezijua makala za fani yake huigundua kwa kuitazama tu. Kazi ikihesabiwa kuwa ya udanganyifu, hasara yake ni kubwa kuliko alama zote ulizonitajia. Isitoshe, mtihani wa mwisho una alama 40 na utaufanya peke yako.

Tuzitazame hesabu basi, kwa maana uamuzi wa kuacha kozi haufai kufanywa kwa uchungu wa insha. Umepata 4 kwenye jaribio, 5 kwenye insha na 9 kwenye ripoti, jumla 18 kati ya 35. Zimebaki alama 65. Ili ufikie 60 unahitaji 42 kati ya hizo, ambazo ni chini kidogo ya asilimia 65. Maji hayajazidi unga. Ukizipata zote 5 za tafiti au za kazi mbadala, na 8 kati ya 10 za semina kwa kuhudhuria na kuchangia ukiwa umesoma, utabakiwa na deni la 29 kati ya 50 kwenye jaribio la pili na mtihani. Ripoti yako kabla ya makato ilikuwa asilimia 80. Mtu aliyeandika ripoti ya asilimia 80 akiwa mgonjwa anaweza kupata 29 kati ya 50 akibadili namna ya kujisomea.

Ushauri wangu ni kwamba usiiache sasa. Angalia kwenye mwongozo au kwa msajili tarehe ya mwisho ya kujiondoa kwenye kozi bila kuhesabiwa kuwa umefeli, uiandike mahali utakapoiona. Ikiwa jaribio la pili litafanyika kabla ya tarehe hiyo, tumia matokeo yake kuamua. Kuna sababu moja tu ambayo ningeikubali mapema zaidi, nayo ni kama mada zenyewe zinakufungulia kidonda kiasi cha kukunyima usingizi na chakula. Wewe ndiwe unayejua. Ikiwa ni hivyo, nenda kwanza ofisi ya ushauri nasaha, na kama mnasihi ataona inafaa upumzike na kozi hii hadi mwaka mwingine, hiyo haitakuwa aibu wala kushindwa. Hata kama si hivyo, bado ningependa uende. Kozi ya utangulizi itakufundisha kumbukumbu, hisia, ujifunzaji na ukuaji wa mtoto, na pengine itagusa majonzi kwa kurasa chache. Haikutungwa kumsindikiza mtu katika msiba wake, na ukiendelea kuidai kazi hiyo, itakusikitisha kila wiki.

Mhadhiri wako ana saa za kuonana na wanafunzi zilizoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo. Zitumie wiki hii. Mtangulizie ujumbe mfupi, kwa mfano huu:

"Mheshimiwa Mhadhiri, naomba kuja katika saa zako za kuonana na wanafunzi. Nina maswali matatu. Kwanza, ningependa kuelewa insha yangu ingeielezaje nadharia, ili nisirudie kosa. Pili, naomba kufahamu kazi mbadala kwa asiyependa kushiriki katika tafiti. Tatu, naomba kujua utaratibu wa mwanafunzi ambaye ugonjwa umemzuia kutoa taarifa ndani ya saa 48. Nimeusoma mwongozo kabla ya kukuandikia."

Swali la tatu liondoe kama haikuwa hivyo kwako. Nenda na karatasi ya jaribio pia, umwombe akupitishe kwenye swali moja ulilokosa, hatua kwa hatua. Na kuhusu kazi mbadala, ukijibiwa kwamba haipo, lipeleke suala hilo kwa mkuu wa idara kwa maandishi, ukiambatisha ukurasa wa mwongozo unaohusika na tarehe ulizouliza.